Mvua Kwanza, Watu Baadaye

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, akina mama wa kikundi cha mtaa wetu wa Iftin walikuwa wakipeleka habari. Hawakwenda kupiga soga, ingawa soga haikukosekana. Walipeleka habari kama mtu anavyopeleka maji au unga: nyumba kwa nyumba, kwa anayehitaji, na kwa utaratibu wao.

Waliozipokea walikuwa wazee. Miaka ile ya mwanzo ya tisini Garissa ilijaa wazee waliofika mjini bila kupenda. Ukame ulikuwa umekula mifugo yao. Watoto wao walibaki porini na wanyama wachache waliosalia, au walikwenda kutafuta kazi Kenya, maana hivyo ndivyo watu wa huko walivyopaita mahali popote palipokuwa ng'ambo ya daraja la Tana, kana kwamba wao walikuwa nchi nyingine. Mzee akaachwa kwa jamaa wa mjini, na kama hakuwa na jamaa, akaachwa kwa mtu wa ukoo wa jamaa. Asubuhi aliamka katika ua uliozungukwa na mabati, mahali ambapo hakuna kitu cha kuchunga, akakaa.

Kikundi hakikuwa na ofisi wala kibao barabarani. Kilikutana katika ua wa mwenyekiti wake, chini ya turubai la lori lililofungwa kwenye nguzo nne, na kila mwanachama alichangia alichokuwa nacho. Wauza maziwa walileta maziwa. Mwenye duka la nguo alileta blanketi ile miezi ya katikati ya mwaka ambapo hata Garissa upepo wa alfajiri hupenya mifupa ya mtu mzima. Asiyekuwa na kitu alitoa mikono: alifua, alikata kucha, alimpeleka bibi hospitali na kungoja naye kwenye foleni. Niliwahi kuona mashirika makubwa yaliyokuja na magari meupe, yakaondoka na magari yao meupe. Akina mama hawa hawakuwa na pa kuondokea.

Niliwajua kwa sababu nilikuwa mpangaji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimehamishiwa huko kutoka bara, na mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyenipangisha chumba katika ua wake. Chumba cha pili alikuwamo muuguzi wa hospitali, msichana wa upande wa Mlima Kenya, mpole, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Mtaa mzima ulimwita Sista. Mwenye nyumba wetu tulimwita Edo, yaani shangazi, kama alivyoitwa na kila mtu aliyekuwa mdogo kwake, na wengi waliokuwa wakubwa pia. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kumkemea punda aliye mtaa wa pili, na aliuza maziwa ya ngamia sokoni.

Maziwa ndiyo yaliyoleta habari. Kila asubuhi magari madogo ya mizigo yaliingia kutoka porini yakiwa yamebeba mitungi ya plastiki ya manjano, na kila muuzaji aliutambua wake kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa mtungi. Jioni mitungi mitupu ilirudi ilikotoka. Pamoja na mitungi yalikwenda maswali, na kesho yake, pamoja na maziwa, yakaja majibu. Siku ya Jumatano, siku ya mnada wa mifugo, Edo aliacha maziwa yake kwa mwenzake, akaenda kuzunguka kati ya ngamia na mbuzi akiwahoji wachungaji. Nilimfuata mara kadhaa wakati wa likizo. Mtu akimwambia kwamba mvua imenyesha mahali fulani, yeye aliuliza neno moja tu: "Nani aliona?" Kama aliyeona hakuwapo, habari hiyo haikuingia mjini kwa mkono wake.

Kisha Alhamisi wakaigawa. Kuna bibi aliyetaka kujua kama kisima cha kwao bado kina maji, ingawa hakuwa na mbuzi hata mmoja wa kunywesha. Kuna babu aliyeuliza kila wiki kama barabara ya Elwak inapitika, wala hakuwa na safari. Edo aliketi, akakubali chai, akaanza. Na kila mara alianza pale pale: mvua. Baada ya mvua, majani. Baada ya majani, maji. Halafu wanyama. Watu walikuja mwisho, hata kama mtu mwenyewe anayezungumziwa ni mtoto wa anayesikiliza.

Mimi nilifundishwa, na nikafundisha wengine katika insha za shule, kwamba jambo kubwa huwekwa mbele. Nikamuuliza Edo kwa nini anamweka mama wa watu roho juu.

"Roho juu gani?" akasema. "Mtu wa porini akisikia mvua imenyesha, moyo unakaa chini. Ukishakaa chini, ndiyo unampa watu. Wewe unataka kumrushia watu akiwa amesimama?"

Nikaona ni adabu nzuri, nikaiacha hapo.

Katika pembe ya ua wetu kulikuwa na herio, kibanda cha matao ya miti kilichofunikwa kwa mikeka, na ndani yake aliishi mzee mmoja ambaye kikundi kilikuwa kimemchukua moja kwa moja. Tulimwita Awowe, babu. Ujanani alikuwa mwongozaji wa misafara ya maofisa wa serikali huko kaskazini, na Kiswahili chake kilitoka huko: kifupi, cha kuamrisha, p zake zote zikisikika kama b. Sasa alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda macho yote mawili, akabaki na mwanga na kivuli tu. Ngamia wake wachache walibaki kwa mdogo wake, upande wa kaskazini, kwenye malisho ya nyuma ya Habaswein.

Awowe hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alijua nyayo za kila mmoja wetu.

"Mwalimu," aliniambia asubuhi moja nikipita, "leo kiatu moja nalia. Iko kama mbuzi na njaa."

Na Edo akipita: "Ardhi natingika. Habari ya asubuhi, Edo."

"Ardhi imekuchoka wewe," Edo alijibu. "Inangoja tu niache kukulisha."

Ndipo ikaja habari kwamba madaktari wa macho watafika hospitalini na kufanya upasuaji kwa wiki moja. Sista ndiye aliyeileta, mbio, bado amevaa sare. Walikuja mara chache. Mara ya mwisho ilikuwa kabla yeye na mimi hatujahamia huko. Kikundi kikafanya mkutano siku hiyo hiyo, na ukiondoa harusi, sijapata kuona mkutano wa watu wazima uliokuwa na furaha namna ile. Waliwagawana wazee wa mtaa: nani atampeleka nani, nani atalala naye wodini, nani atapika. Awowe akapangiwa Jumamosi, siku ya mwisho kabla madaktari hawajaondoka, kwa kuwa mikokoteni ya punda ilikuwa michache na wenye hali mbaya zaidi walitangulia.

Mzee alikubali bila matata. Alikaa nje ya herio yake akijipa kazi ya kufikiria atakachotazama kwanza. Kisha, kama siku nne hivi kabla ya upasuaji kuanza, akamwita Edo, akamwambia kwamba hatakwenda.

"Unaogopa kisu?" Edo akauliza.

"Kisu naogoba wewe, si mimi." Akageuza uso upande wa kaskazini. "Ndugu yangu iko wabi?"

Hilo lilikuwa swali ambalo kikundi kilikuwa kimeshindwa kulijibu kwa muda mrefu. Maziwa ya Garissa hayakutoka mbali kama Habaswein. Barabara ya huko ilikuwa na majambazi, magari yalikwenda kwa msafara na polisi mbele na nyuma, na wachungaji wa upande ule hawakuwa wakishuka kwenye mnada wetu. Tangu msimu wa mvua uliopita hakuna aliyekuwa amemwona huyo mdogo mtu kwa macho yake. Kulikuwa na uvumi wa shambulio kwenye kisima, na uvumi haukuvuka kizingiti cha Edo, lakini Awowe alikuwa na masikio.

Alieleza jambo lake kwa mpango. Kama ndugu yake yu hai, basi yeye ni mzee asiye na shughuli, na anaweza kulala kitandani na kukatwa macho. Akifia hospitali, yuko wa kumzika na wa kubaki na ngamia. Lakini kama ndugu yake amekufa, basi kuna mjane na watoto, na yeye ndiye mkubwa wao. Atatafuta gari, atakwenda kwao hata kwa kuongozwa kwa fimbo, akae nao. Mtu haendi kujitengenezea macho wakati nyumba ya ndugu yake imeanguka.

"Leta habari," akasema. "Natoka haba nakwenda hosbitali. Hakuna habari, hakuna hosbitali."

Edo hakumbembeleza. Alikuja jikoni tulikokuwa, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka. "Ana haki," alisema. "Na akikosa Jumamosi yake, basi. Hatadumu hadi madaktari warudi tena. Nimewaona wazee wanavyoisha wakikaa gizani."

Bahati ilikuja kwa njia ya Sista. Hospitali ilikuwa ikipeleka gari la chanjo Habaswein na msafara wa polisi, naye akaomba kwenda badala ya mwenzake. Edo alimpa kila alichohitaji ili amtafute mtu: jina la mdogo wake Awowe, la baba, la babu, na la babu wa babu, alama ya chuma cha moto iliyo kwenye shingo za ngamia wao, ambayo alimchorea kwa mkaa sakafuni hadi Sista akaweza kuichora mwenyewe, na visima vya kuulizia. Sista akaondoka. Tukangoja. Upasuaji ukaanza, wazee wa mtaa wakaanza kurudi na bandeji, mmoja baada ya mwingine, na Awowe akawa anawasikia wakipita.

Gari la chanjo lilirudi Alhamisi mchana. Edo alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nasahihisha madaftari kivulini, nikamwona Sista anaingia getini ana vumbi jekundu hadi kwenye kope. Hakunisalimu. Hakuvua hata mkoba. Alikimbia moja kwa moja hadi mlangoni pa herio, akapiga magoti, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Awowe! Ndugu yako ni mzima! Nimemwona! Ni mzima kabisa! Ni mtu mzuri sana, ana heshima, kila mtu huko anamsifu. Amesema anakupenda sana na anakuombea Mungu usiku na mchana. Anataka uende hospitali. Sasa utakwenda, sivyo?"

Nilisimama, nikawa karibu kupiga makofi. Kisha nikauona uso wa mzee.

Ulikuwa umefungwa, kama duka. Aliitoa mikono yake kwenye mikono ya Sista, taratibu, bila hasira, akasema maneno yale ambayo Mwislamu husema akipokea msiba. Akaomba maji ya kutawadhia. Baada ya hapo akageukia ukuta wa mikeka na hakutujibu tena, si Sista, si mimi.

"Lakini ni mzima!" Sista alisema. Machozi yalikuwa yameshaanza. "Mwalimu, nimesema vibaya? Nimemwambia kwamba ni mzima!"

Nilimtuma mtu akamwite Edo sokoni, naye akaja kwa miguu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, ana kitambaa cha kupangusia mitungi bado begani. Alimsikiliza Sista pale getini, neno kwa neno, akamfanya arudie jinsi alivyoingia na alivyosema. Alipomaliza akafunga macho.

"Umemzika mtu aliye hai," akasema.

Kisha, kwa sababu Sista alianza kulia kwa sauti, alimvuta kifuani kwake na kutueleza, sisi wawili, watu wa bara, jambo ambalo mtoto wa miaka sita wa pale alilijua. Mtu anayeanza na watu, akaruka mvua, akaruka majani, akaruka wanyama, huyo ana mzigo unaomchoma na anataka kuutua haraka. Hivyo ndivyo msiba unavyoletwa na mtu asiyeweza kuvumilia. Tena ni nani anayesifiwa tu, bila kasoro hata moja? Ni nani ambaye kila mtu anasema alikuwa mzuri, ana heshima, anakupenda? Maiti. Aliye hai husemwa vibaya kidogo.

"Na yule ndugu yake," Edo akaongeza, "tangu wazaliwe hajawahi kumwambia kwamba anampenda. Mzee anafikiri sisi tumepanga kumdanganya ili akubali kukatwa."

"Basi umwambie wewe," nikasema. "Wewe atakuamini."

"Mimi sikuona." Alishangaa kwamba nilikuwa nimeishi katika ua wake muda wote huo na bado naweza kutoa shauri kama hilo. Alimgeukia Sista. "Aliyeona ni wewe. Nawa uso. Utafika upya."

Nilichokiona jioni ile bado nakiona wazi. Edo alimtoa Sista nje ya geti, mkoba begani, akamfungia. Akachemsha chai. Akatandika mkeka mbele ya herio, akamwambia Awowe kwa Kisomali kwamba kuna mgeni kutoka Habaswein. Geti likagongwa. Sista akaingia kwa mwendo wa mtu aliyechoka, akaketi, akapewa chai, akainywa. Edo hakumruhusu kufungua mdomo hadi kikombe kikaisha. Ndipo yeye mwenyewe akasema neno ambalo huulizwa kila msafiri wa huko, "Warran," yaani toa habari.

"Mvua," Sista alianza, "ilinyesha mara moja."

Kutoka kwenye ukuta wa mikeka: "Nani aliona?"

"Mimi. Yaani sikuiona ikinyesha. Lakini gari letu lilikwama. Juu kulikuwa na mchanga mkavu, chini tope. Tulisukuma hadi nikapoteza kiatu."

Mzee aligeuka kidogo. Gari lililokwama lilikuwa shahidi mzuri.

"Majani?"

"Sijui majina ya majani, Awowe."

"Sikuuliza majina. Mbuzi ikikula, domo yake rangi gani?"

Sista akafikiri. Alikuwa mtu aliyezoea kutazama midomo ya wagonjwa, na nadhani hilo lilimsaidia. "Kijani kidogo pembeni. Si wote. Wengine walikuwa wanakula maganda ya miti tu."

"Hm," mzee akasema. Akaja mlangoni, akaketi. "Maji?"

"Ya chumvi. Nilikunywa chai yake nikaumwa tumbo."

"Hiyo ndiyo Habaswein," Edo akasema kwa sauti ya chini, na mzee karibu atabasamu. Kisha akauliza ngamia, na hapo akachukua muda. Hakutaka hesabu. Alitaka nundu: zimesimama au zimelala? Sista akasema zimelala upande, kama kofia ya mlevi. Mzee akashusha pumzi. Ilikuwa habari mbaya, na aliipokea kama mtu anayepewa kitu kigumu cha kushika. Alitaka kujua kama kuna ndama. Yupo mmoja, mwembamba. Kuna anayechechemea? Yupo, mkubwa, wa rangi ya majivu. Mguu upi? Sista akafumba macho, akageuza mwili wake pale mkekani ili aelekee alikoelekea ngamia yule, akagusa paja lake la kushoto. Nyuma. Wa kushoto, nyuma.

"Huyo," Awowe akasema, "na mguu yake ya zamani." Alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya fimbo. Nikatambua kwamba alikuwa akitazama, kwa macho ya msichana wa milimani ambaye hakuwahi kumgusa ngamia maishani mwake.

"Watu?" akauliza mwishowe. Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo sana.

"Ndugu yako nilimkuta kisimani. Alikuwa anavuta maji. Amekonda. Ana jino limemuuma, shavu limevimba, nikampa dawa. Mke wake hajambo. Watoto hawajambo, mmoja ana kikohozi."

Mzee alisikiliza yote, lakini shaka haikuwa imemtoka. Iliketi usoni mwake. Jino, kikohozi, vitu hivyo mtu mwerevu anaweza kuvitunga, na Sista alikuwa na nafasi ya kufundishwa pale getini. Edo aliliona hilo kabla yangu.

"Sista," akasema, "alikutuma neno gani?"

"Nilishasema. Kwamba anampenda na anamwombea."

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

Sista akazungusha kikombe kitupu mkononi. "Dereva ndiye aliyenitafsiria. Alisema… haifai, Edo. Ni mtu mzima. Nilitengeneza kidogo."

"Vunja ulichotengeneza. Sema alivyosema."

"Haifai!"

"Sema, binti!"

Sista aliangalia chini, akasema yote kwa pumzi moja, kama mtoto anayekariri: "Alisema, mwambieni yule fisi mzee kwamba ngamia wake mweupe amenipiga teke tena, na kwamba alinipa mnyama yule makusudi ili aniue. Alisema akipata macho aje amkamue mwenyewe, kwa sababu yeye amechoka kutazamwa kila asubuhi na sura mbaya inayofanana na ya kaka yake."

Sauti ikaanza ndani ya kifua cha mzee, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na ilichukua muda kabla sijatambua kwamba ni kicheko. Alicheka hadi fimbo ikamponyoka. Alicheka akipangusa macho yale meupe kwa ncha ya shuka.

"Fisi mzee!" akasema. "Wallahi, iko hai! Mtu mbaya sana! Iko hai!"

Edo alikuwa ameshainuka kwenda kutafuta mkokoteni wa Jumamosi.

Alifanyiwa jicho moja, kwa kuwa madaktari walitaka kuona kwanza lile litakavyopona. Siku bandeji ilipofunguliwa tulikuwa wodini sote watatu, Edo, Sista na mimi, pamoja na akina mama wengine waliojaa hadi mlangoni, kila mmoja na chupa yake ya chai. Sista ndiye aliyeifungua. Mikono yake ilikuwa imara. Kazini hakutetemeka kamwe. Alipangusa jicho kwa pamba, akasogea kando.

"Awowe," akauliza, "unaona nini?"

Mzee alikaa wima kitandani. Kitanda chake kilikuwa dirishani. Aligeuka, akatazama nje kwa muda mrefu, jicho likitokwa na machozi kwa sababu ya mwanga. Tulingoja. Aliyekuwa mbele yake, karibu kumgusa, ni Sista, lakini hakumtazama.

"Mvua," akasema hatimaye, "hakuna. Mawingu moja, tena mwongo."

Mama mmoja mlangoni akaguna kwa kuridhika.

"Majani, ukuta yote ya hosbitali ni miba ya mathenge tu. Hiyo si majani. Maji, naona tangi, navuja chini, na hakuna mtu nafunga." Akainama zaidi. "Mbuzi ya mtu inakula katoni. Ndege zile mbaya za mizoga iko juu ya baa ya nyumba, inangoja sisi."

Ndipo akageuza kichwa ndani. Alimtazama Edo kutoka ushungi hadi miguuni, bila haraka.

"Edo iko. Nilikuwa nasikia ardhi natingika, nikafikiri ni uongo."

Kicheko kilijaa wodi nzima. Edo alimwambia kwamba lile jicho lingine halitafunguliwa kamwe, yeye mwenyewe atahakikisha. Mzee akanitazama mimi, akasema kwamba mwalimu ni mwembamba na kiatu chake kweli ni kibaya. Sista alikuwa bado anangoja, pamba mkononi. Alikuwa amejifunza kungoja zamu ya watu, na zamu yake ndani ya zamu hiyo.

"Na huyu," Awowe akasema, "ndiye mgeni wa Habaswein. Analia. Lakini ni mzima."

Wiki hiyo Edo alipata lori la mfanyabiashara lililokuwa linakwenda kaskazini na msafara, na dereva wake alikubali kupeleka neno hadi kisimani. Awowe alilitunga neno hilo kwa siku mbili, akilinoa. Lilimhusu mdogo wake, ngamia mweupe, na ni nani kati yao hao wawili mwenye akili. Dereva alilirudia mbele yake hadi likakaa vizuri, na Edo akasikiliza ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyelipunguza makali hata kidogo.